Rivolva za kale kwenye minada ya mtandaoni: mtu aangalie nini kabla ya kuweka dau?

MsomajiWete

Assalaam alaykum jamaa. Suali langu refu kidogo, mnistahamilie.

Mimi nipo Wete. Kaka yangu anaishi Marekani na anataka kuanza kukusanya rivolva (bastola zenye silinda inayozunguka) za kale za kuweka na kuzisoma historia yake, si za kulengea shabaha wala za kujilinda. Kazi ya kupekua minada kanipa mimi. Bajeti ni dola 700 kwa kipande, gharama zote ndani. Tunazitazama Webley Mk VI, Smith & Wesson Victory, Nagant ya 1895, na Colt Single Action Army ikitokea ya rahisi.

Nnachotaka kujua: picha nne na maneno "nzuri kwa umri wake" zinamtosha mtu kuamua? Pili, kwa nini bei ya mwisho huwa mbali sana na dau lililoshinda? Na mwisho, yawezekana siku moja kipande kimoja kikafika Pemba?

---

Mkongwe_Malindi

Wa alaykum salaam. Naanza na la mwisho, maana hilo ndilo la kukutia ndani.

Kisitoke kitu huko bila karatasi za pande mbili. Kwao, kutoa silaha nje ya nchi kunataka leseni ya serikali. Kwetu, kuingiza kunataka kibali cha silaha ambacho umeshakishika mkononi kabla mzigo haujaondoka, si ukaanze kukitafuta umeshafika forodhani. Na sehemu ya silaha ina hukumu ya silaha: silinda iliyoviringishwa soksi ndani ya begi la nguo uwanja wa ndege itakupeleka mahakamani sawasawa na bastola nzima. Ile iliyozimwa, yaani iliyotobolewa au kuchomelewa isipige tena, nayo usiifanyie bahati nasibu. Nenda polisi uulize, jibu ulipate kwa maandishi.

Halafu kuna hili ambalo watu wa huku hawalijui. Kaka anunue kwa pesa yake, kwa jina lake, na abaki nayo mwenyewe. Ukimtumia pesa wewe ili akununulie wewe, kule ni kosa la jinai. Fomu 4473 anayojaza dukani inamuuliza wazi kama yeye ndiye mnunuzi halisi, na kusema uongo hapo ni kesi ya shirikisho. Kwa hivyo wewe kuwa macho yake mtandaoni tu, basi.

Hali yake ya ukaazi nayo ni muhimu. Mwenye makaazi ya kudumu anaruhusiwa. Aliyepo kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa awe ndani ya vighairi vichache kama leseni ya kuwinda.

Kwa mkusanyaji kuna milango miwili. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, sheria ya shirikisho inaihesabu kuwa ya kale, haipiti kwa muuza silaha mwenye leseni. Iliyotimiza miaka 50 na bado iko katika umbo lake la asili inaweza kununuliwa kwa leseni ya mkusanyaji, ile wanayoiita aina ya 03. Ada yake ni dola 30 kwa miaka mitatu, na mzigo unaletwa mpaka nyumbani. Lakini majimbo yana sheria zao juu ya hizo. California na New York si sawa na Texas, kaka asome ya kwake kwanza.

---

FundiSilinda

Mzee Malindi kasema ya sheria, mimi niingie kwenye chuma.

Colt Single Action Army itoe kwenye orodha. Ya kizazi cha kwanza, 1873 hadi 1940, kwa dola 700 haipo. Ukiiona kwa bei hiyo imejengwa kwa vipande vya bunduki tatu, au fremu imepigwa namba upya, au ni nakala ya Italia iliyozeeshwa kwa dawa. Ndiyo rivolva inayoghushiwa kuliko zote, na mwanafunzi hana la kufanya pale. Watu wanaolipa maelfu hawaweki dau bila barua ya kumbukumbu za kiwanda inayosema namba hiyo ilitoka lini, na mtutu wa urefu gani na kaliba gani, yaani upana wa risasi yake kwa inchi.

Webley Mk VI ilianza 1915, kaliba .455, mtutu wa inchi 6, inafunguka katikati ukiisukuma ile kufuli ya juu. Mtego wake mmoja umewaliza wengi. Nyingi zilizoingia Marekani baada ya vita zilikatwa mgongo wa silinda ili zipokee risasi ya .45 ACP kwa vibanio vya nusu mwezi, kwa sababu .455 ilikuwa haipatikani madukani. Shinikizo la .45 ACP ya kiwandani linazidi mbali lile ambalo bastola hii ilitengenezewa, na zipo zilizopasuka silinda. Kwa mkusanyaji uharibifu ni wa namna mbili: si salama, na thamani imeanguka. Kuitambua ni rahisi. Omba picha ya ubavuni, bastola imefungwa, mwanga ukitokea nyuma yake. Pengo kati ya mgongo wa silinda na fremu likionekana pana, imekatwa. Muuzaji akiandika "inapiga .45" huhitaji hata picha. Isiyokatwa, yenye namba za fremu na silinda zinazolingana, mara nyingi itaipita hiyo 700 yenu.

Nagant ni ya ajabu kiufundi na ndiyo maana naipenda: vyumba saba badala ya sita, na ukivuta nyundo silinda nzima inasogea mbele ikabana kwenye mtutu, gesi isipotee. Trigga yake nzito kama kuvuta ndoo kisimani. Zilizopo sokoni karibu zote zimepita karakana za Urusi zikapakwa weusi upya. Kiboksi kidogo chenye mstari wa mshazari ndani yake ni muhuri wa karakana hizo. Si aibu, ndivyo zilivyo, ila usilipe bei ya "asili kabisa" kwa kitu chenye kiboksi.

Kwa 700 mimi ningeanza na Victory. Mzazi wake ni Military & Police ya 1899, ambayo toka 1957 inaitwa Model 10. Victory ni ile ya vita, 1942 mpaka 1945, namba yake inaanza na herufi V. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Uingereza na makoloni yake ni kaliba .38/200 na kwa kawaida mtutu wa inchi 5. Za jeshi la majini la Marekani ni .38 Special, inchi 4. Mwishoni mwa 1944 baharia aliuliwa na bastola iliyoanguka, kiwanda kikaweka kizuizi kipya cha nyundo, na namba zikawa zinaanza na SV. Zipo za kutosha sokoni, sehemu zake zinaeleweka, na mtu anajifunza kusoma mihuri bila kufilisika.

---

Chumvi_na_Chuma

Naongezea picha, maana muuzaji wa mnada huonyesha upande mzuri tu. Andika ujumbe mmoja wa adabu siku tatu nne kabla mnada haujafunga, uombe hizi:

Namba zote za Smith, si moja. Iko chini ya mpini, iko mgongoni mwa silinda, iko chini ya mtutu pale kijiti cha kutolea maganda kinapolala. Ndani ya kibao cha kulia cha mpini mara nyingi imeandikwa kwa penseli. Zote zilingane. Angalizo kubwa: ukifungua silinda, ndani ya ule mkono unaoibeba kuna namba nyingine. Hiyo ni ya fundi wa kuunganisha kiwandani, hailingani na namba ya bastola na haitakiwi kulingana nayo. Watu huacha bastola safi kwa sababu ya namba hiyo, na wauzaji wavivu huiandika kwenye tangazo kama ndiyo namba yenyewe.

Vichwa vya skrubu, picha ya karibu. Mfereji uliochanika maana yake mtu asiyekuwa na bisibisi inayokaa sawa alishaingia ndani.

Herufi za kwenye mtutu, mwanga ukipita ubavuni. Chuma kilichosuguliwa kabla ya kupakwa upya, kingo za herufi hulainika kama sabuni iliyotumika na matundu ya skrubu huwa na kijibonde mdomoni. Smith ya zamani nyundo na trigga zake zina rangi za mawingu, kahawia na buluu zimechanganyika, kwa sababu zilikaangwa ziwe ngumu. Zikiwa nyeusi sawasawa na fremu, imepakwa upya. Kinyota kidogo karibu na namba chini ya mpini kinaonyesha ilirudi kiwandani kwa kazi. Hiyo afadhali kuliko fundi wa uchochoroni.

Ndani ya mtutu, tochi upande mmoja kamera upande wa pili. Vidoa vidogo vya kutu si msiba. Duara jeusi linalozunguka mahali pamoja ni msiba: mtutu umefura, risasi ilikwama na nyingine ikapigwa nyuma yake.

Mdomo wa nyuma wa mtutu, sehemu ya chini hasa, kutafuta ufa. Hii zaidi kwa Smith ya Model 19 ya .357, ambayo chini pale chuma kilipunguzwa kupisha mkono wa silinda.

Halafu muombe muuzaji afanye jaribio moja, na akupigie video. Ahakikishe vyumba vyote vitupu, aonyeshe kwa kamera. Aweke kidole kwenye silinda kwa uzito mdogo sana, avute nyundo polepole. Kile kikwamisho cha chini kinachoishika silinda isizunguke lazima kiingie kwenye kijishimo chake *kabla* nyundo haijafika mwisho. Nyundo ikitangulia, kidole cha ndani kinachosukuma silinda kimelika, na risasi ingepigwa chumba hakijakaa mbele ya mtutu. Arudie kwa vyumba vyote. Mara nyingi vitano ni vizima na kimoja kimechoka, na muuzaji mjanja hukuonyesha vile vitano.

Pengo kati ya silinda na mtutu lipimwe kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi: milimita 0.10 hadi 0.25 ni sawa. Kwa Nagant pima nyundo ikiwa imevutwa, pengo lifunge.

Akikataa yote haya kwa jibu la "sina ujuzi wa bunduki, nauza mirathi", si lazima awe mwongo, ila punguza dau kana kwamba mabaya yote yapo.

---

MsomajiWete

Jazakumullahu kheri. Nimekaa nikasoma mara mbili. Sasa kuna hii nimeipata, naomba mnisomee. Tangazo: Victory, namba inaanza na V, mtutu inchi 5, "kaliba .38 Special, imetunzwa vizuri, nyeusi inang'aa". Kwenye picha naona karibu na silinda maandishi madogo: 38 kisha .767, na upande wa mtutu "NOT ENGLISH MAKE". Nyundo nyeusi. Chini ya mpini hakuna pete, pana tundu limezibwa. Dau lipo 410. Je?

---

FundiSilinda

Yakhe, umeipiga picha vizuri kwa maneno, karibu haihitaji kuonwa.

.767 ni urefu wa ganda kwa inchi, nao ni urefu wa .38 S&W, ndiyo hiyo hiyo .38/200 ya Waingereza. Mihuri hiyo ni ya nyumba ya majaribio ya Uingereza, iliyopigwa silaha za jeshi zilipokuwa zinatoka kwenda kwa raia, na "NOT ENGLISH MAKE" ni ya zama zile zile. Maana yake ilipopimwa ilikuwa .38/200. Ganda la .38 Special ni refu zaidi, inchi 1.155. Kwa hivyo baadaye mtu alichimba vyumba virefushwe viipokee .38 Special, na tangazo linakuuzia hilo kama ndiyo asili.

Ubaya wake ni kwamba ganda la .38 S&W ni nene zaidi, takriban 0.386 ya inchi kwa 0.379. Sehemu ya nyuma ya chumba ikabaki pana, ganda la Special likipigwa linavimba au kupasuka. Na mtutu ni wa risasi ya 0.361, wakati Special ni 0.357, kwa hivyo hailengi.

Nyeusi inang'aa: Victory ilitoka kiwandani na rangi ya kijivu isiyong'aa, kazi ya vita, na vibao vya mpini vya mbao ya walnati visivyochongwa. Ikiwa inang'aa imesuguliwa. Pete ya kamba ilikuwa kawaida yake, imetolewa pakazibwa. Kama mgongoni mwa fremu juu ya silinda palikuwa na "U.S. PROPERTY G.H.D.", angalia, nadhani utaikuta imefifia au imefutwa kabisa.

Hiyo ni bastola iliyobadilishwa mara tatu. Kwa mkusanyaji ni ya kuvunja sehemu. 410 tayari ni nyingi, iacheni.

---

DalaliWaDarajani

Na mimi niingie na hesabu, ndiyo kazi yangu.

Ukigongewa 600, hujalipa 600. Nyumba za mnada hutoza ada ya mnunuzi, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 30. Soma masharti ya nyumba husika, hayafichwi ila yako chini kabisa. Tuseme 20. Hapo 720. Kadi ya benki asilimia 3 juu yake, 741.60. Usafiri 45, muuza silaha wa kupokea mzigo na kujaza fomu 35. Jumla 821.60, na kodi ya mauzo ya jimbo haimo.

Kwa hivyo fanyeni kinyume. Chukua 700, toa 80 za usafiri na kupokelea, zabaki 620. Gawa kwa 1.236 (yaani 1.20 mara 1.03). Inatoka 501. Dau lenu la mwisho ni 500. Liandikwe kabla ya mnada kufunguka, si usiku wa mnada damu ikiwa imechemka. Kaka akipata ile leseni ya mkusanyaji, zile 35 zinaondoka kwa bastola zinazostahili.

Wewe uliyezoea minada ambayo mtu anavizia sekunde ya mwisho: kwenye GunBroker, tovuti ya minada ya silaha ya Marekani, haifanyi kazi. Dau likiingia ndani ya dakika 15 za mwisho, mnada unajiongeza dakika 15 tena, mpaka pawe kimya. Na saa za kufunga huko mara nyingi ni usiku wa manane kwetu. Weka dau la juu kwenye mfumo, ulale, mashine ikupandishie kidogo kidogo.

Angalia pia kama pana bei ya chini iliyofichwa. Dau la 300 lenye maneno "bei ya akiba haijafikiwa" si dau, ni mazungumzo.

Haki ya kukagua: wauzaji wengi hutoa siku tatu kuanzia kupokea, *bila kupiga hata risasi moja*. Kaka afanye lile jaribio la kikwamisho siku ya kwanza, na picha za kufungua boksi azipige palepale. Nyumba kubwa za mnada nyingi huuza "kama ilivyo", hurudishi kitu. Pale ndipo maombi ya picha yanapokuwa na maana.

---

Mkongwe_Malindi

Hapo kwa kaka kuna jambo la kuhifadhi, halafu namaliza na Wete.

Asiihifadhi ndani ya ala ya ngozi hata ikiwa ala ndiyo ya asili yake. Ngozi ina chumvi na dawa za kutengenezea na inavuta unyevu, na kutu linaanza pale pale ngozi ilipogusa, kwenye mdomo wa mtutu na ubavu wa silinda. Ukiona kwenye mnada Webley yenye vidoa vilivyojipanga kwa umbo la mfuko, ndiyo sababu. Aifute kwa mafuta mepesi au nta ya makumbusho, aivishe soksi ya pamba au ya silikoni, sanduku lenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Chini ya 40 vibao vya mbao vinasinyaa na kupasuka. Na asiipige msasa wala pamba ya chuma kutafuta mng'aro. Kila anayesugua anatupa pesa.

Sasa wewe. Unataka kitu mkononi Pemba? Kusanya vya pembeni. Ala ya turubai ya Uingereza ya mtindo wa 1937, iliyobeba rivolva ya Enfield No. 2, ina jina la mtengenezaji na mwaka ndani ya mfuniko, na si silaha. Kamba za shingoni, vijitabu vya mafunzo vya jeshi, fito za kusafishia mtutu, ala za ngozi za maofisa zenye mshale wa serikali ya Uingereza. Kwenye karatasi ya forodha andika hasa ni nini, "mfuko wa turubai wa zamani", usiandike neno "bastola" kwa kujifakhiri ukasababisha boksi likazuiliwa wiki tatu kwa kitambaa. Risasi na maganda usiguse, hata yaliyotoboka.

Turubai likifika likiwa na ile rangi ya kijani ya unga ya wanajeshi, usilifue. Rangi ni sehemu ya umri wake, na ikiondoka haionekani tena ilikuwa ya kikosi kipi. Piga brashi kavu tu.

Ngozi kwa hewa yetu ndiyo kazi. Ukungu mweupe utakuja masika, na kwenye vifungo vya shaba utaona uchafu wa kijani unaonata kama nta. Huo utoe kwa kijiti cha mbao, cha meno kinatosha, halafu kitambaa. Usitumie kisu, utachana ngozi. Ukungu ufute nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, ukaanike kivulini, jua usilipe nafasi. Mafuta ya nazi usiyajaribu, yanachacha na kulainisha mishono. Na usifunge kwenye nailoni: mfuko wa pamba, kabati lenye upepo, na pakiti za silika ambazo unazikausha upya kila zikibadilika rangi.

---

MsomajiWete

Nimeelewa, maalim. Colt imetoka, ile Victory ya 410 tumeiacha. Nimeandika dau la juu 500 kwenye karatasi, na kaka leo anaulizia leseni ya 03 kwa jimbo lake. Suali dogo lililobaki: kwa Victory ya .38/200 isiyoguswa, nitajuaje vyumba havijachimbwa kama mihuri ya Uingereza haipo?

---

FundiSilinda

Mwombe muuzaji picha ya ndani ya chumba kutoka nyuma, tochi kwa mbele. Chumba cha asili kina ngazi moja, pale ganda linapokoma na njia ya risasi inapoanza, karibu nusu tu ya urefu wa silinda kutoka nyuma, na inaonekana duara safi. Kilichochimbwa ngazi hiyo imesogea mbele, na kwenye vyumba vingi utaona pete mbili: alama hafifu ya ile ya zamani nyuma, na mpya mbele yake. Kama ana risasi bandia ya .38 Special, ile ya plastiki ya kujifunzia, ajaribu kuitia. Ikizama mpaka ukingo, vimechimbwa. Ikigoma na kubaki nje, na maandishi ya mtutu yakiwa .38 S&W CTG, weka dau lako.